Binti Anakwenda Uswidi, Atasoma Nini?

Wazazi wenzangu, mtoto akipata nafasi ya kusoma ng'ambo kwa muhula mmoja, watu huanza kuuliza habari za tikiti na baridi. Sisi wa Kathiani hatukuwa tofauti. Binti ya kaka yangu, aliye mwaka wa tatu akisomea kilimo, alipopata nafasi ya kwenda Uswidi, jirani alimletea sweta hata kabla hajaomba viza.

Jambo gumu lilikuwa masomo. Huko muhula mzima huhesabiwa krediti 30, na masomo mengi huwa na krediti saba na nusu. Basi alitakiwa kuchagua manne, kisha chuo chake cha hapa na kile cha huko vitie sahihi kabla hajaondoka. Somo lisilokubaliwa hapa, hata alipite vizuri namna gani, halitahesabiwa. Atarudia muhula, na karo italipwa upya. Kaka hulipa karo hiyo kwa maembe na kahawa.

Kaka alitaka takwimu na masomo ya biashara, "ya kazi," alivyosema. Binti alitaka Kiswidi na somo la ardhi na maji.

"Udongo?" kaka akashangaa. "Uende Ulaya kusoma udongo, na huu wetu je?"

Binti akamwonyesha maelezo ya somo lenyewe. Katikati ya Kiingereza yalikuwamo maneno mawili ya kwetu: fanya juu. Kaka akayasoma mara mbili.

Matuta hayo tuliyakuta. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa shamba la mteremko linajisawazisha. Mama zetu waliyachimba kwa mwethya, jembe kwa jembe. Maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliiona Machakos kuwa nchi inayoharibika kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuonyesha kwamba kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko umepungua. Waswidi nao walianza kuisaidia Kenya kuhifadhi udongo mwaka 1974, kwa hiyo si ajabu wakiyafundisha. Nyanya yake, aliyeyachimba, alitaka kujua tu kama mwalimu huyo amewahi kushika jembe.

Mimi shangazi nilikuwa upande wa binti, lakini nilimuuliza: chuo chako kimekubali? Nadhani hilo ndilo mzazi anapaswa kuuliza. Kuchagua si kazi yetu. Ardhi na maji lilikubaliwa. Kiswidi kilikataliwa, akasema atakisoma jioni bila kuhesabiwa. Takwimu alimwachia baba yake, naye akajaza uchumi wa kilimo na kilimo cha miti.

Ijumaa sahihi zote zilikamilika. Sasa tunangoja viza.