Mjomba kapata pointi nane!

Jamani wasomaji wangu, wiki hii sina stori ya disko wala ya wachumba. Nimetoka kumpeleka mjomba hospitali na kichwa bado kinaniwanga.

Mjomba ana kansa ya ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B kakaa navyo miaka na miaka bila kujua. Sisi vijana wa juzi tuna bahati, hapa Bongo chanjo yake wameanza kuchomwa watoto wachanga mwaka 2002. Sasa binti yake anaolewa Desemba, na nyumbani walinituma swali moja tu: "Muulize daktari, mzee atafika?"

Yaani mimi ndiye wa kuuliza! Nikasubiri mjomba katoka kwenda kutolewa damu, nikalitoa.

Daktari hakutaja miezi. Kaandika vitu vitano kwenye karatasi: ile nyongo inayoleta umanjano, protini ya albumini, damu inavyoganda, maji tumboni, na kama akili inachanganyikiwa. Kila kimoja pointi 1 hadi 3. Mwenye 5 au 6 yuko kundi A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ndiyo C, na huko ni noma. Mjomba kapata 2, 2, 1, 2, 1. Kidato cha nne hesabu nilipata F, lakini hiyo niliijumlisha fasta. Nane.

"Kwa hiyo miezi mingapi, dokta?"

Kasema hesabu hiyo ilianza 1964, ikarekebishwa 1973, kwa wagonjwa wa ini wanaokwenda kupasuliwa. Inapima nguvu ya ini tu. Kansa nayo ina maswali yake: uvimbe ni mingapi, mkubwa kiasi gani, umeingia kwenye mshipa wa damu au bado, na mgonjwa anajihudumia au yuko kitandani? Hata ukijua yote hayo, unapata habari za kundi. Chukua wagonjwa 100 kama mjomba: ile miezi inayotajwa, 50 wameivuka, 50 hawakuifikia.

"Mjomba wako yuko upande gani, karatasi haisemi."

Nyumbani jibu hilo halikuuzika. Kamati ikakaa bila mzee, harusi ikavutwa hadi Agosti. Na mimi nilinyoosha mkono kukubali, roho inanisuta mpaka leo.

Mjomba naye si mtoto. "Kwani ukumbi wa Desemba umeungua?" Kimya. Mtu kaongeza sauti ya TV.

Jumamosi nikamsindikiza kwa fundi cherehani. Mabega yamekwisha, tumbo limejaa. Fundi kazungusha futi, kasita.

"Kiunoni acha kitambaa cha ziada," mjomba kamwambia. "Hili tumbo linapungua na vidonge vya kukojoa, sijui Agosti litakuwaje." Halafu kanigeukia. "Lete ile karatasi unayoificha."

Nikampa. Kaisoma taratibu, kaikunja, kaitia mfukoni.

"Nane kati ya 15," kasema. "Enzi zetu shuleni hiyo ningekuwa nimefaulu."