Hatua Tatu za Kwanza

Kazi yangu ya pembeni ni kuangalia vijana wakikimbia. Naangalia, naandika, natuma, nalipwa. Si pesa ya kuomoka nayo: ni nauli, sahani ya ugali samaki, na kitu kidogo cha kununua bando. Akademia inayonituma iko Nairobi na sitaitaja. Inatafuta mawinga, na kila likizo ya Aprili inataka mtu aende akaone vijana wa kule ambako basi lake halifiki.

Kule, kwangu mimi, ni Migori na Homa Bay. Nimezaliwa Awendo, kwa hivyo wakaona ninafaa: najua njia, najua Kidholuo, na sihitaji kulipiwa hoteli kubwa.

Watu wakiniuliza nilisomea wapi hii kazi, jibu huwa linawachekesha. Nilijifunza kwa kufuata drafti ya futiboli ya Kimarekani. Ilikuwa Aprili 2020, korona imefunga karibu kila ligi duniani, mimi niko nyumbani Awendo na chuo kimefungwa, na Wamarekani peke yao wakaendelea kuchagua wachezaji kwa video, kila bosi akiwa sebuleni kwake. Hakukuwa na mchezo mwingine wa kuangalia. Nikaangalia watu wakisoma majina, na nikanasa.

Kuna nafasi moja kwenye ule mchezo iliyonishika kuliko zote. Wanamwita raningi beki, ingawa si beki kwa maana yetu, maana hazuii goli. Ukijaribu kumtafsiri unapata mkimbizi, na hiyo ni shida nyingine kabisa. Mimi namwita mbeba mpira. Anasimama nyuma, anapewa mpira mkononi, mbele yake kuna ukuta wa majitu yanayosukumana, na anaambiwa: pita.

Kilichonivutia ni jinsi wanavyompima. Kila mwaka wanakusanya vijana wa vyuo Indianapolis na kuwakimbiza yadi 40, kama mita 37 hivi. Mwaka 2008 mbeba mpira mmoja, Chris Johnson, alizimaliza kwa sekunde 4.24 na dunia ikasimama. Lakini wale wachambuzi wazuri, wanaokaa na kanda za mechi mpaka macho yanawasha, hawazimii sana kwa hiyo namba. Wanauliza mambo mengine. Anaona pengo kabla halijafunguka? Ana subira ya kungoja nusu sekunde? Akiguswa anaanguka au anaongeza hatua mbili? Na swali ambalo sikuwahi kulisikia kwenye kiwanja chochote cha Nyanza: ameshabeba mpira mara ngapi? Kwa sababu mwili wa mbeba mpira ni kama tairi la boda. Unaweza kuona bado lina meno, lakini kilomita zilishahesabiwa.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mabosi wamekuwa wakiwakwepa. Kwenye drafti ya 2022 na ile ya 2024 hakuna mbeba mpira hata mmoja aliyechaguliwa raundi ya kwanza. Wanasema, kwa nini nitoe dhahabu kwa mtu atakayeisha kabla ya miaka 30? Halafu anatokea mtu kama Terrell Davis, aliyechaguliwa wa 196 mwaka 1995 wakati watu wengi washaenda kulala, na mwaka 1998 akakimbia yadi 2,008. Nikisoma ripoti huwa nakumbuka kwamba kuna mtu alikaa chini, akamwangalia Davis vizuri, na akaandika kwamba wenzake 195 ni bora kuliko yeye.

Sasa, Aprili 2025. Alhamisi tarehe 24 niko Migori, kwenye kiwanja cha shule ya msingi si mbali na barabara ya Isebania. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Goli moja lilikuwa dimbwi, na kipa aliyepewa goli hilo alikuwa amejinyamazia kama mtu aliyehukumiwa. Akademia ilitaka waliozaliwa 2009 kuendelea, na habari ilikuwa imesambaa. Vijana hamsini na kitu walikuja, na nikiangalia fomu zao, karibu Migori yote ilikuwa imezaliwa Januari 2009. Wengine walikuwa na ndevu. Mmoja aliletwa na mtoto wake. Alisema ni wa dada yake, sawa.

Sicheki sana lakini. Wengi walisajiliwa wakiwa wakubwa tayari, tarehe ikakisiwa na mzee aliyekuwa na haraka. Mtu hajui umri wake kamili, halafu wewe wa Nairobi unamwita mwongo.

Mwenye timu ni mwalimu mstaafu, vijana wanamwita Japuonj. Yeye ndiye aliyewakusanya, ndiye aliyenunua mipira, ndiye aliyekuja na mtungi wa maji juu ya pikipiki. Alinisalimia, akanishika mkono bila kuuachia, akaniambia, "Wuoda, angalia wote. Usiangalie yule wanaokuonyesha tu."

Wote walikuwa wananionyesha jezi namba 17.

Na walikuwa na haki. Nilipima yadi 40 kwa hatua zangu na saa ya simu, kwenye matope, na yule kijana akiwa pekupeku akapita kwa sekunde 4.9. Hiyo namba ukiipeleka Indianapolis haisemi kitu. Kwenye yale matope nilirudia kumpima nikidhani simu imekwama. Lakini mimi naangalia hatua tatu za kwanza. Winga hakimbii mbio ndefu sana. Kazi yake ni kumwacha mtu kabla mtu hajajua anaachwa. Namba 17 alikuwa anaondoka kama mtu aliyeitwa jina. Beki anageuza kiuno, na yeye keshapita.

Halafu kipindi cha pili nikaanza kuona kitu kingine. Mpira ukiwa upande wa pili, wakati hakuna mtu anamwangalia, alikuwa anasimama kwa mguu mmoja. Alikuwa amefunga goti la kulia kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa, chini ya bukta, kwa ustadi. Akigeuka kushoto anageuka vizuri. Akigeuka kulia anazunguka mduara mzima, kama lori.

Tulikaa chini ya mti baadaye. Wakati wa likizo na wikendi anafanya kazi Macalder, kwenye migodi ya dhahabu, kubeba magunia ya mawe kutoka shimoni. Jumamosi anachezea shule ikiwa kuna mechi. Jumapili anachezea timu ya wadi, kwa sababu kila mwanasiasa wa pale ana kombe lake, jezi zina uso wake mgongoni, na mshindi anapewa mbuzi au ng'ombe. Nikajaribu kumhesabia kilomita kama wale wachambuzi. Ashton Jeanty wa Boise State alibeba mpira mara 374 mwaka 2024, na mabosi wenye madaktari na mashine wakawa wanajiuliza kama mwili wake umechoka. Huyu wangu nilishindwa hata pa kuanzia. Gunia moja la mawe ni sawa na kukabwa mara ngapi?

"Goti linauma?" nikamuuliza.

"Hapana, kocha."

"Na hiyo tyubu?"

"Ni ya nguvu tu."

Usiku huo saa tisa nikawa macho kwenye gesti, simu imeegemezwa kwenye jagi, naangalia raundi ya kwanza. Jeanty akaitwa wa sita, akaenda Raiders. Alikuwa amekimbia yadi 2,601 kwa msimu mmoja, pungufu ya yadi 27 tu kufikia rekodi ya Barry Sanders ya 1988. Kamera zikamwonyesha. Mimi nikafungua daftari langu na kwenye mstari wa namba 17, chini ya "afya", palikuwa bado peupe.

Asubuhi nikapanda Probox mpaka Rongo, nikabadilisha gari la Homa Bay. Kwenye huo uwanja mpya wa Raila Odinga mafundi walikuwa wanakimbizana na sherehe za Madaraka za Juni 1. Sisi tulienda kwingine, kwenye kiwanja kikavu karibu na ziwa, ambapo mpira ukitoka sana unarudishwa na wamama wanaoanika omena, na hawaurudishi kwa upole.

Pale nikamwona kijana mdogo wa mguu wa kushoto, mtoto wa mwanamke anayeuza omena pale pale. Si wa kasi. Nilimpima sekunde 5.6, nikamhurumia. Lakini kabla ya kupokea mpira alikuwa anageuza kichwa mara mbili, kulia na kushoto, kama mtu anayevuka barabara ya Rongo. Anapokea mwili ukiwa umeshageuka. Mara moja alisimama kabisa na mpira mguuni, watu wakaanza kupiga kelele aukimbize, na yeye anangoja tu. Beki wawili wakamfuata, pengo likafunguka nyuma yao, akaupitisha hapo. Ile subira haifundishwi haraka. Kasi ya misuli unaweza kuiongeza kidogo. Kumi na sita yake hajafika bado, mwili utakuja.

Akademia ilikuwa na nafasi moja.

Hapa ndipo hii kazi inanikera. Kwenye drafti ya Marekani, timu iliyovurunda zaidi mwaka uliopita ndiyo inachagua kwanza, ili mnyonge naye apate. Kwetu shule yenye basi inachagua kwanza, akademia yenye mfadhili inachagua kwanza, na Japuonj anabaki na wale waliokataliwa pamoja na mipira aliyoinunua mwenyewe. Nimekulia Awendo, nikiwa mtoto SoNy Sugar walichukua ligi kuu ya 2006, kijiji kizima kikalala kimevimba kichwa. Mwaka 2019 timu hiyo hiyo ikafukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kufika mechi tatu, kwa sababu hapakuwa na pesa. Kwa hivyo mtu akiniambia kipaji hakipotei, huwa namuuliza kilipotea wapi kile cha Awendo.

Kabla sijaondoka Migori, Japuonj alikuwa ameniuliza jambo moja: "Umeandika jina la timu yetu?" Fomu ya akademia haina nafasi hiyo. Ina jina la mchezaji, mzazi, shule, simu. Lakini mzee anajua sheria kuliko wanaoandika fomu. FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada ilikuwa paundi milioni 12.5. Asilimia 5 ya hiyo ni paundi 625,000. Ungeweza kupanda nyasi Nyatike yote. Lakini klabu lazima iwe imesajiliwa na iwe na karatasi za kuonyesha kijana alikuwa wao, na timu nyingi za kijiji karatasi yao ni kumbukumbu ya mzee mmoja. Nikaandika jina la timu pembeni ya fomu, kwa kalamu, nikapiga picha, nikamtumia Japuonj nakala. Alijibu: "Erokamano. Nimeiweka."

Ripoti niliiandika Jumamosi, kwenye basi la kurudi Nairobi. Ningeweza kuacha lile goti. Hakuna daktari aliyeliona, mimi si daktari, na kwenye video nilizopiga haonekani akisimama kwa mguu mmoja. Wenzangu wengine kwenye hii kazi huwa wanaacha, wanasema kazi yetu ni kufungua mlango tu. Mimi naona tofauti. Kijana akichukuliwa na goti bovu, wiki ya tatu linakatika kwenye mazoezi ya Nairobi, anarudishwa nyumbani na basi la usiku, na safari hii hata gunia habebi. Na ile akademia haitarudi Migori kwa miaka mitano.

Nikaandika: mguu wa kushoto wa Homa Bay, wa kwanza. Namba 17 wa Migori, wa pili, hatua tatu za kwanza bora kuliko zote nilizoona, goti la kulia lipigwe picha kabla ya jambo lolote, apewe nafasi tena Desemba. Nikasoma mara mbili, nikatuma kabla ya Narok kwa sababu mtandao unakatika baada ya hapo.

Wakamchukua wa Homa Bay. Kuhusu namba 17 walijibu neno moja: "Noted."

Nilimpigia mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Alinyamaza kidogo, nikasikia mashine ya kusaga mawe nyuma yake. Akasema sawa. Nikamweleza kuhusu picha ya goti, kwamba aende hospitali ya kaunti na Japuonj, kwamba nitatuma nauli. Akasema sawa tena. Halafu akauliza, "Kocha, Jumapili ni fainali ya ng'ombe. Nicheze?"

Nikamwambia asicheze. Nilimweleza kwa dakika kumi nzima, mambo ya kano, mambo ya Desemba, kila kitu, mpaka salio likaisha.

Jumapili jioni ikaingia picha kwenye simu. Namba 17, matope mpaka kifuani, tyubu gotini, ameshika kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na ng'ombe.