Swichi Imezimwa, Umeme Umo



Katika nyumba yenye umeme, swichi ndiyo mlango. Ukiibonyeza, taa inawaka. Ukiibonyeza tena, taa inazimika. Hapo wengi husema, "Umeme umekatika." Mimi ni fundi wa umeme. Nikisikia maneno hayo huuliza: umekatika wapi?

Fikiri juu ya mfereji wa kumwagilia shamba. Maji yanaingia kwa juu, yanapita kwenye matuta, yanatoka kwa chini. Ukiziba kwa juu, shamba linakauka. Ukiziba kwa chini, maji yanasimama, lakini shamba limejaa. Fuko akitoboa ukingo, maji yatapita hapo.

Umeme nao una njia mbili. Waya wa moto unauleta. Waya wa nyutro unaurudisha. Swichi ikikata waya wa moto, chombo kinabaki kikavu. Ikikata nyutro, chombo kinaacha kufanya kazi, lakini umeme bado umo ndani, unangoja pa kutokea. Kwa macho huwezi kuona tofauti.

Njombe kuna baridi kali mwezi wa Juni na Julai. Wenye uwezo hufunga hita bafuni. Ni tangi dogo la ukutani, na ndani yake mna koili ya kuchemshia maji. Julai 2019 mama mmoja wa huko aliniita.

"Fundi," alisema, "bomba la bafuni linatekenya. Mimi huzima hita kabla watoto hawajaoga. Lakini bado linatekenya."

Mama huyo alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Alizima kila siku bila kusahau. Ila swichi yenyewe ndiyo iliyomdanganya.

Nilizima hita, nikafungua kifuniko, nikagusisha testa kwenye ncha za koili. Testa ikawaka. Swichi imezimwa, na umeme umo! Nikaenda kuzima swichi kuu ya nyumba. Nikapima tena, testa haikuwaka. Hapo ndipo nilipotia mkono.

Koili ilikuwa imetoboka kwa kutu, inavujisha umeme ndani ya maji. Waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatika kwenye kiungo. Na swichi ilikata nyutro. Nyaya za nyumba hiyo zilikuwa za rangi za zamani: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro. (Za siku hizi ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ardhi.) Aliyefunga hita aliutia waya mweusi kwenye swichi, na mwekundu akaupeleka moja kwa moja kwenye koili.

Nilitia koili mpya, nikaunga waya wa ardhi. Kazi ya swichi ilileta maneno. Mimi nilitaka swichi inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja, ya ampia 20, ifungwe nje ya bafu. Hita ile ni ya wati 1500. Kwa volti 230 inavuta ampia 6 na nusu hivi, na swichi ndogo ya taa si ya mzigo huo. Baba mwenye nyumba aliguna aliposikia bei.

"Hii ya zamani si inazima?" aliuliza.

Nilimwonyesha waya mwekundu ulivyopita pembeni ya swichi bila kuigusa. Alinyamaza, kisha akatoa fedha.

Nawe msomaji, usifungue hita mwenyewe. Bomba likitekenya, usiliguse tena, wala usitosheke na kuzima swichi ya hita. Zima swichi kuu, kisha ita fundi mwenye leseni ya EWURA. Akija, mwambie apime ncha za koili mbele yako, swichi ya hita ikiwa imezimwa. Ni kazi ya dakika chache tu. Akikataa, mimi ningetafuta mwingine.

Nilipokuwa nakusanya vyombo, yule mama alikumbuka kuwa aliyemfungia hita alifunga pia nyumba mbili za jirani. Tulikwenda jioni ile ile. Nyumba ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili, swichi imezimwa, testa iliwaka.