Viatu vya Mchezo: Geuza Soli Kabla ya Kulipa

Marobota ya mitumba yafikayo katika masoko ya Gitega na Muyinga huchanganya mambo ya dunia nzima. Ndani ya robota moja mna koti la nchi za theluji, sare ya mhudumu wa hoteli, gauni la arusi ya mtu asiyejulikana, na mara nyingine mna vifaa vya mchezo uitwao besiboli, unaopendwa sana Marekani, Japani na Kuba. Kofia ya mchezo huo, yenye ukingo wa mbele, imekwisha kuwa kofia ya kila mtu, kuanzia mkulima hadi mwendesha baiskeli ya abiria. Shati lake la vifungo huvaliwa hata kanisani. Taabu huanza kwenye viatu.

Kwa mtazamo wa haraka, kiatu cha besiboli na kiatu cha kandanda ni ndugu wawili, kwani vyote vina meno chini ya soli. Lakini kiatu cha kandanda huachwa kitupu kwenye ncha ya mbele, kwa maana mguu huo ndio upigao mpira na ndio ukutanao na mguu wa mwenzake. Kiatu cha besiboli aghalabu huwa na jino la ziada mbele kabisa, chini ya vidole. Mchezaji wake hapigi kitu kwa mguu. Kazi ya mguu ni kukimbia, tena ghafla, kutoka kituo hadi kituo, na jino lile humsaidia kuuma udongo. Vile vya watu wazima mara nyingi huwa na meno ya chuma, bapa kama kisu kifupi. Huko huko Marekani, watoto wadogo wachezao katika Little League hawaruhusiwi kuvaa vya chuma.

Mama mmoja wa Mutoyi, mke wa askari, hakuyajua hayo, na angeyajuaje? Mwanawe wa miaka 14 alikuwa amechaguliwa katika timu ya shule, naye alikuwa akicheza pekupeku. Mama aliweka akiba ya fedha za mayai, akapanda gari hadi Gitega. Mengi aliyoyafanya sokoni yanafaa kuigwa. Alikuwa amepima mguu wa mtoto kwa ubua, akaongeza upana wa kidole gumba. Alikunja soli kuona kama gundi imeachia. Alitia mkono ndani kutafuta msumari. Meno ya chuma aliyaona, akayahesabu kuwa ni uimara.

Katika mchezo wa kwanza, mtoto aliinua mguu kuufuata mpira, na jino la mbele likampasua muundi mtoto mwingine, mwana wa jirani. Damu ilitoka nyingi. Alipelekwa hospitali ya Mutoyi, akashonwa. Jioni mama alibeba kikapu, akaenda kwa jirani ambaye amekuwa akishirikiana naye maji na moto tangu alipoolewa. Hakukuwa na maneno mengi. "Jirani yangu, aliyeumia ni mwanangu," alisema. Mwenyeji alikaa kimya kidogo, kisha akajibu, "Naye aliyeumiza ni wangu. Ingia, usisimame mlangoni."

Sheria za kandanda zinamtaka kila mchezaji avae fulana yenye mikono, kaptula, soksi, viatu na kinga za miundi, tena asivae chochote cha hatari kwake au kwa wengine. Katika michezo ya watoto wetu milimani, ni nani akaguaye? Mara nyingi mwamuzi ni mwalimu mmoja mwenye filimbi na saa ya kuazima. Kwa hiyo ukaguzi uanzie nyumbani. Penye uhaba wa fedha, kipande cha plastiki cha dumu kuukuu, kilichopindwa kufuata umbo la muundi na kuzungushiwa kitambaa ukingoni, ndani ya soksi ndefu, ni bora kuliko ngozi tupu.

Baba wa mtoto alipokuja likizo ndiye aliyelifumbua fumbo. Alikuwa amewahi kutumikia Somalia, walikofika askari wa Burundi kuanzia Desemba 2007 na kuwakuta wale wa Uganda. Alikigeuza kiatu, akacheka kidogo.

"Mama watoto, hiki si cha kandanda. Waganda walituonyesha picha zake. Ni cha ule mchezo wa rungu."

"Sasa tukitupe, baba watoto? Fedha za mayai zile?"

"Nani amesema tukitupe?"

Waganda wana haki ya kuonyesha picha. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilipata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya hati za watoto zisizopatana. (Mzazi ambaye hajaandikisha kuzaliwa kwa mtoto wake na aisome tena sentensi hiyo.) Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika, na wakaishinda timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Tanzania nako mchezo huo hufundishwa mashuleni.

Basi huenda siku moja glavu ya ngozi ikatokea katika robota. Ifahamike kwamba glavu huvaliwa mkono usiorusha. Mtoto wa mkono wa kulia huivaa kushoto. Hapa kilichotumika hushinda kipya, maana ngozi imekwisha lainika. Yatazamwe tu masharti ya ngozi yanayofunga vidole, kama hayajaoza. Helmeti ni kinyume chake. Iliyopasuka, hata ufa mwembamba kama unywele, isinunuliwe kwa bei yoyote, kwani mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu mno.

Fundi wa viatu aliombwa ang'oe yale meno. Alisema chuma kimeshikwa ndani ya soli yenyewe, na kukitoa ni kukiua kiatu. Vikabaki chini ya kitanda hadi mvua ziliporudi. Njia ya kushuka bondeni huteleza kama sabuni wakati huo, na mama ndiye aliyevikumbuka. Huvivaa na soksi mbili, ndoo kichwani, na haanguki. Mtoto amepata viatu vingine vyenye meno ya mpira, rangi imepauka, kamba moja nyeupe na nyingine nyeusi. Mwana wa jirani amepona, naye hucheza winga ya kulia.