Magunia 80 ya Baba Mdogo

Mwezi Oktoba 2022 nilimwandikia baba yangu mdogo hesabu kwenye karatasi. Ekari 8, magunia 10 kwa kila ekari, jumla magunia 80 ya alizeti. Chini yake niliweka bei ya msimu uliokuwa umekwisha, nikatoa gharama za trekta, mbegu chotara, palizi na usafiri, kisha nikaipigia faida mistari miwili. Tulikuwa tumeketi chini ya mkwaju, kijijini kwetu Iramba, mkoani Singida. Aliitazama ile karatasi kwa heshima anayowapa watu waliosoma, akauliza jambo moja tu: "Na mvua ikikatika Februari, mwanangu, hiyo umeiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika popote. Nilimjibu kwamba 10 ni wastani, na kwamba wastani tayari umebeba miaka mibaya ndani yake. Ni jibu ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelitoa na mimi ningempa alama. Ukweli ni kwamba hata huo haukuwa wastani wa kijiji chetu. Ilikuwa namba ya kwenye kipeperushi cha mbegu, inayopatikana shamba likipaliliwa kwa wakati na mvua zikifuata ratiba.

Nisingependa kujitetea sana, ila ni haki kueleza hali ilivyokuwa. Mwaka ule bei ya mafuta ya kula ilikuwa imepanda dunia nzima. Urusi na Ukraine, wauzaji wakubwa kuliko wote wa mafuta ya alizeti, walikuwa vitani tangu Februari, na Indonesia ilikuwa imezuia kwa wiki kadhaa mafuta ya mawese kutoka nchini mwake. Sisi, ambao zaidi ya nusu ya mafuta yetu ya kula tulikuwa tukiyaagiza kutoka nje, tuliambiwa kila jukwaani kwamba ukombozi uko Singida, Dodoma na Simiyu. Wasafiri wa barabara ya Mwanza wanazikumbuka zile galoni za njano zilizopangwa kando ya lami. Kila aliyezitazama mwaka ule aliona fedha, nami nilikuwa miongoni mwao. Nilikopa shilingi milioni 1.8 katika SACCOS ya kazini, tukakubaliana atazirejesha baada ya mavuno.

Kilimo chake kabla yangu kilikuwa hivi. Alilima ekari 3 za alizeti, nusu akiipanda kwa mvua za kwanza na nusu baada ya Mwaka Mpya. Kipande kimoja kiko kwenye udongo mzito wa bondeni, kingine kwenye kichanga cha mteremkoni. Pembeni aliweka mtama na uwele. Mimi niliuita utaratibu huo kutawanya nguvu. Nikamshawishi akodi ardhi ya jirani, aache mtama mwaka huo, apande ekari zote 8 kwa wakati mmoja ili trekta lije mara moja. Sikujua kwamba nilikuwa namvua bima aliyojishonea kwa miaka 40.

Alizeti huvumilia ukame kuliko mahindi, maana mizizi yake huenda chini sana. Lakini ina majuma yake ya udhaifu, tangu ichanue hadi punje zijae. Maji yakikosekana hapo, ua hubaki zuri la kupigia picha na punje hutoka pepe. Utabiri wa msimu husema kama mvua zitakuwa za wastani, juu yake au chini yake, na hutaja wiki za kuanza na za kukoma. Ni kazi yenye maana na ninaiheshimu. Hata hivyo mvua za wastani zinaweza kunyesha zote Desemba na Machi, zikaiacha Februari kavu. Baba mdogo aliyejigawa kwa tarehe na kwa udongo angepoteza kipande kimoja. Aliyepanda kila kitu juma moja alipoteza yote kwa pamoja.

Tulivuna magunia 27. Na bei, ambayo niliichukulia kama jambo lililokwisha kuamuliwa, ilikuwa imeanguka mwaka huo wa 2023, kiasi kwamba kilio cha wakulima wa alizeti kilifika bungeni. Mwezi Julai nilipokea fedha kwenye simu, shilingi milioni 1.8 kamili. Nilishangilia. Miezi miwili baadaye ndipo mama mdogo aliponiambia kwamba zilikuwa za ng'ombe wawili na mtamba mmoja. Baba mdogo alikuwa amekataza nisiambiwe, kwa kuwa ahadi ni ahadi, na kwa kuwa, kwa maneno ya mama mdogo, "hakutaka uone kwamba karatasi yako ilimuumiza."

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu matarajio ya mavuno, na mfano ulionisimamisha umetoka mbali. Katika nyanda za Saskatchewan, Kanada, wakulima hupanda kanola, zao la mafuta lenye maua ya njano kama alizeti yetu, nalo halipendi joto kali likiwa kwenye maua. Mwaka 2021 ukame na joto viliwapata hapo hapo, na mavuno ya kanola ya nchi nzima yakapungua kwa zaidi ya robo kulinganisha na mwaka uliotangulia. Mkulima wa kule aliye na bima ya mazao huwa amechagua kinga ya asilimia 50 hadi 80 ya mavuno yake ya kawaida, na kawaida hiyo hukokotolewa kutokana na rekodi za shamba lake mwenyewe. Ada yake hulipa asilimia 40, serikali mbili, ya jimbo na ya taifa, hulipa iliyobaki. Sisemi hawaumii. Wana madeni ambayo sisi hatuwezi kuyafikiria. Lakini matarajio yao yameandikwa kwenye mkataba, na yasipotimia yupo mwingine anayewajibika kulipa sehemu.

Matarajio ya baba mdogo yako wapi kimaandishi? Nilimuuliza. Aliniambia kwamba kila mwaka huja mtu na fomu ya makisio, akauliza utapata magunia mangapi. Anayesema machache huonekana mvivu, na huogopa kurukwa kwenye mbegu za ruzuku. Kwa hiyo kila mtu hutaja mengi. Namba hizo hujumlishwa kata kwa kata, zikapanda wilayani na mkoani, na mwisho wa safari huwa sehemu ya hotuba. Ndugu zangu watumishi wa umma mnaonisoma, najua wengi wenu mmeijaza fomu hiyo mkiwa na mashaka. Mimi niliijaza yangu bila mashaka, chini ya mkwaju.

Pendekezo langu ni dogo. Fomu hiyo iongezwe safu mbili: mavuno ya mwaka mbaya wa karibuni, na nani alilipa. Baba mdogo hujibu swali la aina hiyo bila kusita, kwa sababu yeye hahesabu kwa wastani. Ana mwaka wa kuuza, mwaka wa kula, na mwaka wa kununua chakula, na hupanda akiwa amejiandaa kwa yote mitatu. Tukiwa na safu hizo, mazungumzo ya bima ya mazao, ambayo sasa yapo nchini, yangeanza na namba za mkulima badala ya zile za kipeperushi.

Msimu uliofuata alirudi kwenye ekari zake 3 na mtama wake. Nimemnunulia mtamba mmoja. Amempokea kwa shukrani, akaniambia nisimwandikie kitu.