Jumamosi ya Uzi, Mbweni

Ukimwambia mtu wa mjini kwamba Jumamosi unakwenda Mbweni, atajua tu: ama umealikwa kwenye sherehe, ama unakwenda kukagua kiwanja. Mimi na mume wangu tulikuwa tunakwenda kwenye duka la uzi. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na nusu sweta ya mtoto, rangi ya njano, iliyolala kabatini miaka mitatu. Nitaieleza, usiwe na haraka. Kwanza safari.

Tulipanda daladala Makumbusho. Mwenge, Lugalo, Tangi Bovu, Africana. Hapo Africana ndipo tulipoacha kuongea, kwa sababu kila tukiigusa habari ya ile sweta tunagombana, na daladala si mahali pa kugombana. Tukatazama nje kama wageni. Mkono wa kushoto kile kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kinachotoa saruji tangu 1966, kisha Tegeta, tukashuka na kuchukua bajaji kuelekea baharini.

Ukiiacha barabara kubwa hewa inabadilika. Upepo unakuja na chumvi na harufu ya tope la mikoko, na kuta za nyumba zinaanza kurefuka. Lakini katikati ya kuta hizo bado kuna Mbweni ya wenyewe: genge la nyanya, mama wa samaki wa kukaanga, miembe, watoto wanaofukuza tairi. (Usiichanganye na Mbweni ya Unguja, ambako wamisionari wa UMCA waliweka shule ya wasichana waliokombolewa utumwani, miaka ya 1870. Huko nako wasichana walifundishwa kushona, kwa hiyo labda jina hili lina undugu na sindano. Natania.)

Duka lenyewe ni fremu moja mbele ya nyumba ya mwenyewe. Halina kibao. Utalijua kwa sweta za shule zinazoning'inia nje na kwa benchi lisilokosa watu chini ya mwarobaini. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani yake imeshikiliwa na kamba ya kufuma, na salamu yake si ya haraka haraka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu. Kaeni kwanza. Uzi haununuliwi mtu kasimama.”

Tukakaa. Chai ya tangawizi ikaja, na vitumbua.

Najua unachojiuliza, kwa sababu hata mimi nilijiuliza: nani anavaa sweta Dar? Jibu lilikuwa mbele yangu. Ndani kulikuwa na mashine mbili za kufumia, na binti mmoja anasukuma mkono wa mashine kushoto na kulia, kruu, kruu, anatoa sweta za bluu zenye mstari mweupe shingoni. Shule nyingi zina sweta kwenye orodha ya sare, jua liwake lisiwake, na mtoto anayepelekwa bweni Njombe au Mbeya hiyo sweta ndiyo roho yake. Kwa hiyo Desemba na Januari hapa hapalaliki. Halafu ikifika Juni upepo wa kipupwe unaanza, na wale wa ofisini, sisi wenye kiyoyozi kisichozimika, tunatafuta kitu cha kujitupia mabegani.

Kazi zilizokuwa mezani siku ile zingekushangaza. Kulikuwa na seti ya vitambaa vya makochi, rangi ya maziwa, ya bibi harusi mtarajiwa. Vile vitambaa tulivyovicheka wote tulipoanza kupanga nyumba zetu, tukasema ni ushamba, sasa vinaagizwa na wasichana wenye makochi ya kisasa kuliko ya kwangu. Kulikuwa na kijana wa chuo, wa kiume, anafuma kwa sindano ya ndoano blauzi ya ufukweni, tundu tundu, oda aliyoipata Instagram. Mume wangu alimtazama sana yule kijana. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kazi ngumu.

Mzigo mpya ulikuwa umefika kutoka Kariakoo juzi yake. Mama akaumwaga mezani: kijani cha mpera, zambarau, rangi ya udongo ambayo sasa hivi kila mtu anaitaka. Akanipa somo ambalo na wewe nakupa bure. Kwanza, soma karatasi ya uzi. Mle mna uzito, unene wa sindano inayofaa, na aina ya uzi wenyewe. Akriliki ni bei nafuu na haichuji upesi, lakini ni jamaa wa plastiki: hainyonyi jasho, na pasi ya moto inaiharibu. Kwa joto letu, pamba. Pili, tafuta namba ya awamu ya rangi. Uzi wa rangi moja uliotiwa rangi kwenye mapipa mawili tofauti hautafanana, na utajua hilo ukiwa umeshafika kwenye mkono wa pili wa sweta. Nunua wote kwa siku moja.

Kinachouma ni kwamba pamba inalimwa kwetu, Shinyanga na Simiyu, na sehemu kubwa inaondoka nchini haijasokotwa. Uzi niliokuwa nimeushika umeandikwa Kituruki.

Basi ndipo mama akamgeukia mume wangu kwa uchangamfu wake wote. “Na wewe ni Baba nani?”

Nyie mnaoitwa Mama Junia na Baba Brayani hamwezi kujua uzito wa swali hilo. Mume wangu alitazama kikombe. Mimi nikafungua mkoba nikatoa ile nusu sweta, nikaiweka mezani kati ya kijani cha mpera na zambarau.

Niliianza nikiwa na mimba ya kwanza. Mistari ya mwisho niliifumia kitandani, hospitali moja hapa mjini, na mtoto akazaliwa wiki ya 27. Kila anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia anaitwa njiti, lakini wiki ya 27 ni mapema mno. Wa kwetu aliishi siku mbili. Sasa nina mimba nyingine, ya wiki 24, na sijanunua hata soksi. Mama yangu mzazi anasema nisinunue, nitachuria. Mume wangu anataka niimalizie ile sweta ya njano. Kwake, kuimalizia ni kusema tunaamini. Mimi nilikuwa nataka itoke nyumbani kwangu.

Mama hakuuliza chochote. Aliipitisha vidoleni kama anayesoma barua. “Huku chini mkono ulikuwa umelegea, vitanzi vinapumua,” akasema. “Huku juu umekaza. Hapa ulikuwa na hofu, mwanangu.”

Nikalia. Binti wa mashine akasimamisha mashine.

“Msimvishe mwingine sweta ya mwenzake,” mama akaendelea, anamtazama mume wangu, si mimi. “Lakini huu uzi ni pamba nzuri. Tuufumue, tutoe kofia.”

Mtoto njiti hana mafuta mwilini, na kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, kwa hiyo joto linapotea upesi. Ndiyo maana anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Njia hiyo ya kangaruu ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ambako mashine za joto hazikutosha, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Baba naye anaweza kumbeba hivyo hivyo. Mama ana kikapu cha kofia ndogo ndogo, nyingine hazizidi chungwa, ambazo nesi anayekaa jirani huzipeleka wodini. Akriliki haziingii kwenye kikapu hicho.

Mume wangu akasema hapana. Akanyamaza. Akaenda nje, nikamwona anazunguka ule mwarobaini mara mbili, halafu akarudi, akakaa, akanyoosha mikono yake miwili mbele kama mtu anayesubiri pingu. Sijui alijuaje. Labda aliwahi kumwona bibi yake.

Nikakata kifundo. Kuvuta ni rahisi kuliko nilivyodhani, kitanzi kinaachia kitanzi, na uzi ukawa unazunguka mikononi mwa mume wangu, umejikunja kunja kama nywele. Mistari ya juu, ile iliyokazwa, iliachia kwa shida. Ile ya chini ilikwenda yenyewe. Hatukuongea. Ilichukua kama dakika ishirini, na kulikuwa na kelele za bodaboda nje na kijana wa chuo anamdai mtu kwenye simu.

Uzi uliofumuliwa haufumwi siku hiyo hiyo. Unaufunga sehemu nne usichanganyikane, unauosha kwa maji ya vuguvugu, unauning'iniza ujinyooshe. Mama alisema unatosha kofia tatu, ya nne kama ni ya mtoto mdogo sana.

Wakati wa kuondoka nilichukua vibonge vitatu vya pamba, rangi ya udongo, namba moja ya awamu. Nikavirudisha. Nikavichukua tena. Mama akanitoa katika mateso, akaviweka kwenye rafu ya juu, akachana kipande cha karatasi.

“Navitunza. Niandike nani?”

Mume wangu akataja jina lake mwenyewe, la ubatizo, na namba ya simu.

Bajaji ilipofika, uzi wa njano ulikuwa kwenye kamba kati ya sweta mbili za shule, unadondosha maji kwenye mchanga. Tumeambiwa turudi Jumamosi ijayo, na mume wangu aje na sindano yake.