Pandharpur, Mji wa Mungu Anayesubiri

Mungu wa Pandharpur amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, kama mgeni aliyeambiwa "ngoja kidogo" naye asichoke kungoja. Jina lake ni Vitthal, na Wahindu wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, humhesabu kuwa ndiye Krishna mwenyewe. Husimuliwa kwamba alikuja kumtembelea kijana aitwaye Pundalik, akamkuta anawahudumia wazazi wake. Pundalik hakuinuka. Alimrushia mgeni tofali asimame juu yake, akamwomba asubiri mpaka kazi iishe. Vitthal akasimama, na mpaka leo yuko pale.

Aliyelelewa kwa kuhimizwa kutafuta radhi za wazazi hahitaji kufasiriwa hadithi hii. Lakini mna jambo jingine ndani yake. Mungu ndiye aliyefunga safari kumfuata mtu, si mtu kumfuata Mungu. Na kumhudumia mzee kukatangulia kumwabudu mwenye enzi. Mji mzima umesimama juu ya mawazo hayo mawili, na ndiyo maana naupenda kuliko miji mitukufu ya India yenye sifa kubwa zaidi.

Kutoka jiji la Pune ni kilomita mia mbili na ushei kuelekea kusini-mashariki. Viwanda vinaachwa nyuma, yanakuja mashamba ya miwa, mtama na mikomamanga. Mto Bhima ukifika hapa hujikunja kwa umbo la mwezi mwandamo, kwa hiyo wenyeji wanauita Chandrabhaga, na hekalu dogo la Pundalik limejengwa ndani ya mto wenyewe. Hekalu kubwa liko juu zaidi, katikati ya vichochoro vya maduka. Wauzaji wamerundika kumkumu, unga mwekundu, kwa vichuguu vilivyochongoka, laini kiasi kwamba unaogopa kupumua karibu yake. Pembeni kuna bukka, unga mweusi unaonukia, wa kupaka kwenye paji la uso. Kinachouzwa zaidi ni shanga za mti wa tulsi, yaani mrihani mtakatifu. Fundi hukata kijiti, hukichonga na kukitoboa, na punje inayotoka ni nyepesi hata huihisi kiganjani. Mwenye kuuvaa mkufu wa shanga hizo shingoni ameahidi kuacha nyama na pombe.

Ukitaka kuuona mji huu katika utukufu wake, njoo mwezi wa Ashadha, kati ya Juni na Julai, mvua za monsuni zinapoanza. Kutoka Alandi, karibu na Pune, huanza safari nyayo za fedha za mtakatifu Dnyaneshwar, zikiwekwa kwenye machela na kukokotwa kwa gari. Kutoka Dehu, jirani yake, huja za Tukaram. Mbele na nyuma ya nyayo hizo hutembea watu mamia ya maelfu, wengi wao wakulima, kilomita kama 250, kwa muda wa wiki tatu hivi. Hujigawa katika vikundi viitwavyo dindi, kila kimoja na namba yake katika msafara na lori lake la vyakula. Wanaume wameshika matoazi, baadhi ya wanawake wamejitwika vyungu vya mrihani, na njia nzima ni nyimbo. Nyingi zimetungwa na Tukaram, muuza nafaka wa karne ya 17 ambaye, kwa masimulizi yao, alizitosa mtoni hati za madeni aliyokuwa akiwadai watu.

Misafara yote hukutana Wakhari, kilomita chache kabla ya mji. Uwanjani watu hujipanga duara, katikati wakaachwa farasi wawili. Mmoja ana mpanda farasi mwenye bendera. Wa pili hana mtu mgongoni, kwa kuwa huaminika anayempanda ni Dnyaneshwar, aliyezikwa Alandi mwaka 1296. Farasi wanatimka, umati unaitikia, na wakishapita watu wazima wanaangukia alama za kwato, wanachota vumbi na kujipaka usoni huku wakicheka.

Hapo Wakhari niliketi na mkulima mmoja mzee, mwanafunzi wa chuo aliyefuatana na bibi yake akitufasiria. Aliniita Mauli, yaani mama, kama wanavyomwita Dnyaneshwar na kama wanavyoitana wote njiani, wake kwa waume. Nikamuuliza: "Mzee wangu, umekuja kumwomba Vitthal nini?"

"Mvua," akajibu bila kusita. "Mkulima asipoomba mvua aombe nini?" Akamega mkate wa mtama, akauchovya kwenye pilipili ya kutwanga. "Lakini hata ile miaka ambayo haikunyesha nilikuja. Yeye amesimama pale ananingoja, nami nisiende kwa sababu hakunipa?"

Jibu lake lina asili ya mbali. Bhagavad Gita, kitabu kitukufu cha Wahindu, inataja watu wa aina nne wanaomwelekea Mungu: mwenye dhiki, mwenye kutafuta mali, mwenye kutafuta elimu, na mwenye kumjua. Hakuna anayefukuzwa, wote wanahesabiwa kuwa wema. Ila huyo wa nne ndiye mpenzi zaidi. Kuomba kitu si aibu, ndiko wengi wanakoanzia. Kinachotarajiwa ni kwamba mtu akizoea kumwendea Mungu kwa haja zake, siku moja atakwenda hata asipokuwa na haja.

Wanafalsafa wa Advaita, wanaoshikilia kwamba nafsi na Mungu ni kitu kimoja, husema sala kazi yake ni kuutakasa moyo mpaka mtu autambue ukweli huo. Watu wa bhakti, njia ya mapenzi, husema mapenzi yenyewe ndiyo mwisho wa safari. Hapa ubishi huo hauwagombanishi watu, maana Dnyaneshwar alizishika njia zote mbili. Mwaka 1290, angali kijana mdogo, aliifafanua Gita kwa Kimarathi, lugha ya shambani na sokoni, badala ya Kisanskriti cha wasomi. Kazi ilipokwisha alimalizia kwa dua. Hakuomba waovu waangamizwe. Aliomba uovu uwatoke, viumbe wapendane, na kila mtu apate anachokitamani. Yeye mwenyewe hakujitengea fungu. Watoto wa shule wa Maharashtra bado huiimba dua hiyo.

Mji wenye sala nzuri hivyo uliwahi pia kuwafungia watu mlango. Ngazi ya kwanza ya lango kuu inaitwa kwa jina la mshairi Namdev, na waumini huiruka wasiikanyage. Mbele yake kuna kaburi la Chokhamela, mshairi wa karne ya 14 wa tabaka la Mahar, ambaye maisha yake yote alimwimbia Vitthal akiwa nje, kwa sababu tabaka lake halikuruhusiwa kuingia. Waliokuwa wakimzuia walikuwa wakisali kila siku. Ilichukua karne sita. Mei 1947, miezi mitatu kabla ya uhuru wa India, mwalimu na mwandishi Sane Guruji alifunga kula mpaka hekalu likafunguliwa kwa Wadalit, yaani watu wa matabaka yaliyobaguliwa kama la Chokhamela. Sala isiyomsogeza mtu karibu na jirani yake ilikuwa bado haijafika, na Pandharpur umeliandika hilo kwa mawe mlangoni pake.

Siku ya Ekadashi yenyewe, ambayo ndiyo kilele cha hija, foleni huzunguka mitaa, na watu hukaa humo saa na saa. Anayefika ndani huinama, akagusa miguu ya Vitthal na kuiwekea paji la uso. Muda wake ni wa kupepesa macho, kisha wahudumu humsogeza. Walio wengi hata hapo hawafiki. Wanaoga mtoni, wanasimama uchochoroni, wanainua macho kwenye kilele cha hekalu, wanaunganisha viganja, basi. Kwao hiyo inatosha, na wanapanda basi kurudi kupanda mbegu. Nilitafuta mwenye kinyongo baada ya wiki tatu za kutembea. Nilichopata ni watu wanaouliziana kama kila mmoja amekula.

Ukienda, fika Wakhari siku moja kabla ya Ekadashi, vaa viatu vya kuvuliwa upesi, na ule mkate wa mtama na mchuzi wa unga wa dengu popote unapokaribishwa. Kuna mtu usiyemjua atainama akuguse miguu na kukuita Mauli. Usirudi nyuma kwa haya. Nawe inama, uguse yake.